SAFARI ZA BAISIKELI KATIKA SIKU ZETU ZA MAPUMZIKO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa Thika na Ruiru. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale wa zamu ya usiku ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Tumepewa nusu saa tuseme habari za safari zetu za baisikeli. Twajua wako kati yenu wanaojiuliza: mkutano wa chama una shughuli gani na matembezi? Mishahara haitoshi, kodi ya chumba imepanda, nasi twasimama hapa kuzungumza habari za kupanda vilima kwa kupenda. Swali hilo ni la haki, na jibu lake mtalipata kabla hatujakaa, maana mwishoni tunalo ombi ambalo tutataka mlipigie kura. Lakini kwanza tuitazame nchi yenyewe. Wengi wetu tumeishi hapa miaka kumi, miaka ishirini, wala hatuijui ila njia ile moja ya kutoka chumbani mpaka langoni mwa kiwanda.

Tulioanza jambo hili tulikuwa watu saba. Sasa tu kumi na tisa, na kati yetu wanawake ni watano. Hatuna baisikeli ya mashindano hata moja. Nyingi ni zile nyeusi nzito ziitwazo Black Mamba, zenye keria ya kubebea gunia, zile zile tuendazo nazo kazini. Mwenzetu mmoja ambaye ni fundi husema kwamba baisikeli hizi hazikuundwa ziende mbio, ziliundwa zisife.

Basi, nchi yetu imekaaje? Inaanzia juu kwenye milima ya Nyandarua, nayo inateremka kuelekea kusini-mashariki. Mito yote inafuata mteremko huo, na kila mto umejichimbia bonde lake. Kati ya bonde na bonde umebaki mgongo mrefu wa ardhi. Wakikuyu wa zamani walikaa kwa kufuata migongo hiyo, kila mbari na mgongo wake, na mto ndio uliokuwa mpaka. Kwa mwendesha baisikeli hili ndilo jambo la kwanza kulijua. Ukiufuata mgongo, njia inapanda polepole, na jioni utarudi kwako ukiteremka karibu pasipo kukanyaga pedeli. Lakini ukikata migongo, yaani kutoka bonde hili kwenda bonde lile, utashuka kama jiwe, halafu utapanda ukiisukuma baisikeli kwa mikono, na ukifika juu utaona bonde jingine lakungoja. Tuliwahi kuwachukua vijana wawili wenye nguvu sana, wacheza mpira, wakasema wao watakata migongo. Tuliwakuta saa nane mchana wamelala chini ya mti wa mparachichi, na baisikeli zao zimelala karibu nao.

Barabara kuu ya Thika na reli iliyofika Thika mwaka 1913 zinapita upande wa chini, mahali ambapo migongo imekwisha kulala. Ndiyo maana mtu anaweza kusafiri kati ya Ruiru na Thika maisha yake yote asijue kwamba anaishi katika nchi ya vilima.

Wanachama wa Ruiru kwa kawaida hushika njia ya kwenda Githunguri. Mwanzoni unapita kwenye kahawa, au tuseme palipokuwa na kahawa, maana mashamba mengi ya hapo yamegeuka kuwa nyumba. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliikuta Ruiru ina watu zaidi ya 490,000, na Thika zaidi ya 250,000. Watu hao lazima walale mahali, hatuwezi kuwalaumu. Lakini njia za shambani ambazo wachuma kahawa walizipita tangu zamani zimezibwa kwa kuta na malango. Siku moja tulifika kwenye lango ambalo mwaka uliotangulia halikuwapo. Askari wa lango, kijana mwenye adabu, akatuuliza twamtafuta nani. Tukamwambia hatumtafuti mtu, twatafuta njia. Akasema njia haipo. Tukazunguka, na mzunguko ule ulituongezea saa nzima. Mama anayechuma kahawa naye huzunguka vivyo hivyo, ila yeye hufanya hivyo kila siku, tena kwa miguu.

Hapo Ruiru ndipo penye kituo cha uchunguzi wa kahawa, na kwa heshima ya mji huu mbegu moja ikaitwa Ruiru 11. Ilitolewa kwa wakulima katikati ya miaka ya 1980, nayo hustahimili ugonjwa unaoozesha buni na pia kutu ya majani. Wengi wenu mmeichuma mbegu hiyo bila kuambiwa kwamba ni mtoto wa nyumbani.

Wanachama wa Thika hupitia Mang'u na Gatukuyu mpaka Kamwangi. Njia hii tunaipenda kuliko zote. Unaanza katika kahawa na migomba, jua likiwa kali, na kadiri unavyopanda hewa inapoa, mpaka wafika mahali chai inapoanza, na huko watu wamevaa makoti mchana. Njiani pana uji, pana ndizi, pana mahindi ya kuchoma, na watu wa huko si wachoyo wa maneno. Nyanya mmoja aliyekuwa akianika maharagwe alitusimamisha.

"Wanangu, mnauza nini?"

"Hatuuzi kitu, nyanya. Tunatembea tu."

"Mnatembea tu? Kwani hamna kazi?"

"Kazi tunazo. Leo ni siku yetu ya mapumziko."

Alitutazama sana, kisha akacheka, akatuita uani tukanywa uji. Ndipo alipotueleza kwamba alipokuwa msichana, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, watu walitolewa katika migongo yao wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, na mtu hakuweza kwenda hata mgongo wa pili bila karatasi. "Kwenda tu," alisema, "jambo hilo halikuwapo. Ulikwenda kwa sababu, na sababu uliandikiwa."

Maneno hayo tuliyafikiri njia nzima tukirudi. Kabla ya karatasi hizo kilikuwapo kipande, ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukivaa shingoni katika kikopo cha chuma, tangu miaka ya 1919 na 1920 mpaka kilipoondolewa mwaka 1947. Ilikuwapo pia tikiti ya siku 30 za kazi katika mashamba, na msimamizi aliitia alama kila siku uliyomaliza kazi yako. Siku ambayo hukufanya kazi haikuwa na alama. Kwa hesabu ya tajiri, siku hiyo hukuishi. Haya ni mambo ya babu zetu na bibi zetu, na migongo hii hii ndipo yalipotendeka. Kwa hiyo mfanya kazi akipanda baisikeli siku ya Jumapili akaenda Kamwangi pasipo kuandikiwa sababu, hafanyi jambo dogo kama linavyoonekana.

Upande wa pili wa Thika ni nchi nyingine kabisa. Ukishika barabara ya Garissa unapita kati ya mananasi mpaka macho yachoke, na mbele yako unaona Kilimambogo umesimama peke yake. Wamaasai wanauita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa, na urefu wake ni mita 2,145. Kwenda huko kutoka Thika ni yapata kilomita 25, na vilima si vingi, ila malori ni mengi na upepo hauna kizuizi. Karibu na mlima pana Maporomoko Kumi na Manne ya mto Athi. Ni mazuri kuyatazama, lakini msinywe maji yake wala msioge, maana mto huo umebeba maji machafu ya Nairobi nzima.

Kwenye mlima huo amezikwa Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyekuwa na shamba kubwa sana la Juja, ambako Theodore Roosevelt alikuwa mgeni wake mwaka 1909. Alikufa mwaka 1925. Sisi hatukupanda kulitazama kaburi. Mlima ni hifadhi ya wanyama, mbogo wangali wapo kama jina linavyosema, na kiingilio cha watu kumi na wawili kilikuwa sawa na ugali wetu wa juma zima. Tulikula viazi vyetu langoni, tukajadiliana juu ya wale waliompandisha marehemu mlimani kule, kwa maana habari zote zinasema alikuwa mtu mnene mno. Majina yao hatukuyaona yameandikwa popote.

Sasa tuseme jambo ambalo lilitushangaza hata sisi wenyeji. Mto Ruiru, mto Thiririka na mto Ndarugu, yote huishia katika Athi. Athi ukienda mbele unaitwa Galana, na ukikaribia bahari unaitwa Sabaki, nao unaingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Lakini mto Chania na mto Thika, ambayo hukutana karibu na mji wetu, maji yake huenda katika Tana, na Tana huingia baharini kule Kipini. Fikirini basi. Mvua ikinyesha Ruiru yaenda Malindi, na mvua ile ile ikinyesha Thika yaenda Kipini, na kati ya miji hii miwili baisikeli hupita kwa muda mfupi kuliko mkutano huu.

Tulipolijua hilo, wanne kati yetu tukasema tutakwenda kuuona mwisho wa maji yetu. Tulikuwa na likizo ya majuma mawili, tukachagua mwezi wa Julai, na kuchagua kwetu kulikuwa na sababu. Kati ya Aprili na Oktoba pwani huvuma kusi, upepo utokao kusini. Mtu anayetoka Mombasa kwenda Malindi miezi hiyo anasukumwa mgongoni. Kuanzia Novemba mpaka Machi ni kaskazi, na hapo msafiri mwenye akili huanzia Malindi akateremka Mombasa. Mabaharia wamelijua jambo hili tangu zamani. Hakuna sababu mwendesha baisikeli asilijue.

Kutoka Thika mpaka Mombasa hatukuendesha, wala hatumshauri mtu aendeshe, kwa sababu barabara ya Mombasa ni ya malori mchana na usiku. Baisikeli zilipanda juu ya basi nasi tukakaa ndani. Tulianza Mombasa asubuhi na mapema, tukavuka daraja la Nyali, tukapita Mtwapa. Mwendo wa mpaka Malindi ni kama kilomita 120, nao tuliugawa mara mbili kwa kulala Kilifi, mahali ambapo zamani watu walivuka kwa feri mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Mtu wa Thika ataiona njia hiyo kama meza. Kinachosumbua ni jua. Kuanzia saa tano mpaka saa tisa tulikaa chini ya minazi tukinywa madafu, wala hatukuona haya, maana hata wenyeji walikuwa wamekaa. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi. Baada ya Kilifi njia inapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na hapo kivuli kipo, na kimya ambacho hatujapata kukisikia tangu tulipoanza kazi penye mashine. Jambo moja la ufundi: hewa ya chumvi hula mnyororo. Kila jioni upanguse, uutie mafuta. (Wenye kutaka vilima hata pwani waende Kwale, kwenye Shimba, wanakokaa palahala. Sisi tulikuwa tumekwenda kupumzika.)

Siku ya tatu tulivuka Malindi mpaka daraja la Sabaki. Tulisimama pale muda mrefu. Maji yale ni mekundu ya udongo, na yakiingia baharini yanaigeuza rangi bahari mpaka mbali. Mvuvi mmoja alituambia hivyo ndivyo ilivyo mvua zikinyesha bara. Tukamwambia kwamba sisi ndio watu wa bara, na kwamba sehemu ya udongo huo imetoka katika migongo yetu. Akasema, "Basi mmeufuata udongo wenu?" Hatukuwa na jibu zuri kuliko hilo. Fedha tuliyoitumia kwa siku nane, nauli ya basi kwenda na kurudi ikiwamo, haikufika nusu ya mshahara wa mwezi.

Haya si mambo ya wasio na kazi. Katika nchi za wenzetu, vyama vya wafanya kazi ndivyo vilivyoyashika mapema. Kule Birmingham, Uingereza, mwaka 1894 wafanya kazi waliokuwa wakisoma gazeti la Clarion waliunda chama cha baisikeli, na kila Jumapili walipanda baisikeli wakaenda vijijini wakigawa karatasi za kutetea haki zao. Ujerumani nako, mwaka 1896, wafanya kazi waliunda chama cha waendesha baisikeli wakakiita Solidarität, maana yake mshikamano. Kikakua kikawa na wanachama mamia ya maelfu. Utawala wa Hitler ulipoingia mwaka 1933 ulikipiga marufuku. Jiulizeni kwa nini utawala wenye majeshi uliogopa watu wenye baisikeli. Na msidhani vilima vya Kiambu havizai waendeshaji. David Kinjah amefundisha vijana miaka mingi kule Mai-a-Ihii karibu na Kikuyu, na mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye alishinda mashindano ya Tour de France mara nne kati ya mwaka 2013 na 2017.

Sasa tuje kwenye yale machungu. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa kati ya mwaka 2009 na 2012, na kando yake zikawekwa njia za miguu na baisikeli, na madaraja ya kuvukia. Lakini kila anayetoka zamu ya usiku anajua njia hizo zikoje saa tano za usiku. Pikipiki zimo, matatu zimeegesha, vibanda vimesimama, na mahali pengine hapana taa. Mwenzetu mmoja aligongwa akitoka kazini, gari halikusimama, akakaa kitandani miezi mitatu. Yupo hapa leo, ameketi nyuma, nasi twamshukuru Mungu. Hakuwa matembezini. Alikuwa akirudi nyumbani na sufuria ya chakula mkononi pa usukani. Kwa hiyo katika safari zetu sheria ni hizi: taa mbele na nyuma hata kama ni alasiri, fulana ya kung'aa, kwenda mmoja nyuma ya mwingine, na barabara kuu haivukwi ila kwa daraja, hata ukiwa na haraka ya namna gani.

Jingine ni likizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanya kazi apewe angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Tena inasema kwamba baada ya miezi kumi na miwili ya kazi apate likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Mkikubaliana kuigawa, sehemu moja iwe majuma mawili mfululizo. Hiyo ni sheria ya nchi, si hisani ya mtu. Lakini tuliulizana sisi kumi na tisa, kabla ya safari ya pwani, ni wangapi walioichukua likizo yao yote mwaka uliopita. Walikuwa sita. Wengine waliambiwa wangoje, wakangoja mpaka mwaka ukaisha. Wengine walipewa fedha kidogo badala ya siku, wakazipokea kwa sababu ya karo za watoto. Hatuwacheki, karo ni karo. Ila mtu akiuza likizo mara moja, mwaka unaofuata huulizwa kwa nini aitaka.

Ndipo lilipo ombi letu, Bwana Mwenyekiti. Twaomba mkutano uwaagize viongozi wetu kwamba, watakapokaa na matajiri juu ya mkataba mpya, wadai orodha ya likizo ibandikwe ukutani miezi mitatu mbele, kila mtu aone jina lake na tarehe zake, na mtu asilazimishwe kupokea fedha mahali pa siku zake. Pamoja na hilo wadai banda la baisikeli lenye paa na taa katika kila lango, kwa maana mtu anayeacha baisikeli yake kwenye mvua saa nane za kazi hawezi kuitumia Jumapili. Na barua ipelekwe kwa wakuu wa kaunti juu ya taa za njia ya baisikeli kati ya Ruiru na Juja, itiwe sahihi na sisi sote. Karatasi ya sahihi iko mezani kwa Bibi Mweka Hazina.

Wanaotaka kuja nasi, safari ijayo ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Watu wa Thika wakutane karibu na daraja la Chania saa kumi na mbili asubuhi, watu wa Ruiru waondoke mapema ili watukute hapo. Tutaufuata mgongo mpaka Kamwangi na kurudi. Kila mmoja aje na pampu, viraka, solushoni, maji ya kunywa na chakula chake. Asiye na baisikeli aandikishe jina. Tunazo tatu za kuazima, na moja ina breki mpya.

Bwana Mwenyekiti, tuko tayari kwa maswali, kisha kura.